Demio ya dizeli: mbona yasifiwa Nakuru na yakohoa Mombasa?

Simu hizi huja kwa namna moja. Mtu yuko Mombasa, ameona Mazda Demio kwenye yadi, safi, yang'ara, injini yake ni ya dizeli, na bei haiko mbali na ile ya petroli. "Fundi, nasikia huko kwenu Nakuru watu wazisifu hizi gari. Ninunue?" Nami humrudishia swali: kila siku waenda wapi na gari, na ni mbali kiasi gani? Wengine hudhani namkwepa. Lakini jibu lote limo humo.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, kazi ya ufundi imenileta Bonde la Ufa, na magari haya madogo ya dizeli nayafungua karibu kila wiki. Nimeona Demio iliyofanya safari za Nakuru na Eldoret miaka na miaka ikawaka asubuhi bila kelele. Nimeona pia nyingine, ya mwaka uleule, rangi ileile, imeletwa juu kwa kuvutwa kutoka Pwani baada ya miezi kumi na minne tu. Injini ni moja. Kilichotofautiana ni maisha iliyoishi. Basi niieleze hapa mara moja, maana akiba ya mtu si jambo la kuchezea.

Tuanze na injini yenyewe. Mazda huiita Skyactiv-D ya 1.5. Ni silinda nne, sisi 1,498, kizibo cha alumini badala ya chuma cha kusubu, na camshafti huendeshwa kwa cheni, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa. Imo kwenye Demio iliyotoka mwishoni mwa 2014, na pia kwenye CX-3 za mwanzo. Nguvu yake ni farasi 105. Hizo si nyingi, na ukiishia hapo hutaona cha kusifu. Tazama msukumo: gari la gia za otomatiki latoa nyutonimita 250, tena kuanzia mizunguko 1,500 tu kwa dakika. Demio ya petroli ya 1.3 yatoa 121, na mpaka uikanyage ifike mizunguko 4,000. Yaani kwa kusukuma mlima, hii ndogo ya dizeli ni zaidi ya mara mbili ya ndugu yake.

Kuna jambo jingine ndani yake ambalo ndilo sifa na ndilo chanzo cha matatizo. Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche; huibana hewa mpaka ipate moto, kisha dizeli hupuliziwa ndani ikawaka yenyewe. Dizeli za zamani za pikapu ziliibana hewa zaidi ya mara 20. Hii yaibana mara 14.8 tu. Wajapani walifanya hivyo kusudi mwako usiwe mkali mno, injini iwe nyepesi, na gesi mbaya zipungue bila ya kuongeza tangi la urea kama magari mengine ya dizeli. Ni ufundi mzuri. Lakini mwako mpole wahitaji injini iwe na moto wake kamili ndipo uwe safi. Ikiwa baridi, au ikitembea taratibu muda wote, hutoa masizi.

Sasa kwa nini Nakuru waipenda? Mji huu uko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hewa ya hapa ina kanieneo ya asilimia 80 hivi ya ile ya Kilindini. Ukipanda barabara ya Eldoret mpaka Timboroa, unapita mita 2,700, na hewa imebaki asilimia 72 au karibu na hapo. Injini ya petroli isiyo na turbo haina ujanja: hewa ikipungua, nguvu nayo yapungua. Ile ya farasi 92 iliyotoka Mombasa ikiwa hodari, ikifika Nakuru kwa hesabu ya harakaharaka imekuwa ya farasi 74, na mlimani huko mbele yazidi kulegea. Ndiyo maana mgeni wa Pwani akipanda na gari lake kutoka Naivasha huuliza kama kuna kilichoharibika. Hakuna, ni mwinuko.

Turbo hufidia. Ni feni inayosukumwa na moshi utokao kwenye injini, nayo huisukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwenye injini hii turbo ina vipepeo vinavyojifungua na kujifunga kulingana na mwendo, kwa hiyo hushika mapema. Hewa ikiwa nyepesi, turbo huzunguka zaidi ikaleta kiasi kinachohitajika, mpaka pale kompyuta itakaposema basi. Dereva hahisi kitu. Anapita lori la kwenda Uganda pale mlimani bila ya kushuka gia mbili, na akifika Eldoret mshale wa mafuta haujashuka sana. Kipimo cha Japani kiliipa Demio ya dizeli ya otomatiki kilomita 26.4 kwa lita. Usitarajie hizo hapa, vipimo vya maabara havina matuta ya Gilgil, lakini hata ukikata robo bado ni gari la mkono mfupi.

Jambo la pili ambalo Nakuru yaipa injini hii, na ambalo watu hawalitaji, ni umbali. Mtu wa hapa hulala Nakuru, akauza Naivasha, akanunua Molo. Kila safari ni nusu saa, saa nzima, injini ikiwa moto. Na moto huo ndio dawa yake.

Hapa pataka maelezo. Nyuma ya turbo kuna chujio la masizi, mafundi waliita DPF kwa herufi zake tatu. Lile moshi jeusi ulilozoea kuliona kwa matatu za zamani, hapa halitoki nje. Linanaswa kwenye chujio. Chujio likijaa kiasi, kompyuta ya gari huamua kulichoma. Huongeza dizeli kidogo kwenye silinda kwa kuchelewa, dizeli hiyo ikaenda kuwakia kwenye bomba la moshi, joto likafika nyuzi 600 hivi, na masizi yakageuka majivu machache. Kazi hiyo yachukua dakika kumi na tano au ishirini za mwendo mzuri. Dereva makini huijua: injini hukataa kujizima kwenye taa za barabarani kama kawaida yake, feni hulia hata gari likiwa limesimama, harufu ya moto hupita, na kinywaji cha dizeli hupanda kwa muda.

Sasa chukua gari hilo umpe mtu wa Majengo mwenye duka Kongowea. Asubuhi dakika kumi, jioni dakika kumi, na katikati gari limekaa juani. Mara mojamoja kuna foleni ya feri ya Likoni, injini yanguruma bila ya kwenda popote, kiyoyozi kimewashwa. Masizi yajaa. Kompyuta yaanza kuchoma, dakika ya saba mtu amefika dukani, azima. Kesho yaanza tena, yakatizwa tena. Baada ya miezi taa ya DPF yawaka kwenye dashibodi, na gari lakataa kupita mwendo fulani. Mwenye gari husema Mazda ni mbovu. Kumbe gari hilo halijawahi kumaliza hata mara moja kazi lililojianzishia.

Halafu kuna la oili, nalo ndilo linaloua injini kabisa. Mama mmoja alinipigia simu kutoka Mtwapa.

"Fundi, hili gari langu lina ajabu. La baba yao hupungua oili, langu yazidi. Ni baraka hii?"

"Si baraka, mama. Ni dizeli hiyo."

Ile dizeli iliyopuliziwa kwa kuchelewa ili kuchoma masizi, si yote hufika kwenye bomba la moshi. Nyingine hupaka kuta za silinda, ikateremka, ikaingia kwenye oili. Safari ndefu huipa nafasi ya kuvukiza. Safari fupi zilizokatizwakatizwa hazimpi mtu ila dizeli juu ya dizeli. Mazda walijua, ndiyo maana kijiti cha kupimia oili cha injini hii kina alama ya X juu ya ile ya kujaa. Oili ikigusa X, hakuna kungoja: ibadilishwe siku ileile. Oili iliyochanganyika na dizeli ni nyembamba kama mchuzi wa maji, haishiki vyuma, na wa kwanza kuumia ni turbo, kisha beringi za kranki. Siku ya kusikia mlio wa kugonga chini, umechelewa.

Kwa hivyo mwenye gari hili aangalie kijiti kila wiki, asubuhi gari likiwa baridi na pahali tambarare. Japani hubadilisha oili kila kilomita 10,000, lakini kwa matumizi magumu hupunguza hadi 5,000. Mji wenye joto, vumbi na foleni ni matumizi magumu, usinunue maneno ya anayekwambia vingine. Na oili yenyewe si yoyote. Iwe imeandikwa DL-1 kwa zile za Kijapani au C3 kwa zile za Kizungu, unene 5W-30 au 0W-30. Alama hizo maana yake oili ina madini machache yanayobaki kuwa majivu. Oili ya kawaida ya lori, hata iwe ghali, majivu yake huziba DPF na hayo hayachomeki tena. Hapa nimebishana na mafundi wengi, hata wakubwa zangu, na siachi.

Masizi hayaishii kwenye chujio. Sehemu ya moshi hurudishwa kwa makusudi kwenye njia ya hewa ili kupoza mwako. Moshi huo ukikutana na mvuke wa oili hufanya uji mweusi, ukakauka mithili ya lami, njia ya hewa ikawa nyembamba mwaka baada ya mwaka. Nimefungua moja ambayo kidole changu cha shahada kilipita kwa tabu. Dalili zake: gari lavuta uvivu kutoka kusimama, latetemeka likiwa limesimama, moshi waonekana ukikanyaga. Dawa ni kufungua na kusafisha kwa mikono, kazi ya siku nzima na zaidi. Vile vikopo vya kupulizia ndani injini ikiwaka, kwa uji uliokwisha kuganda sioni vifanyacho. Vipepeo vya turbo navyo hushikana kwa masizi hayohayo kwa gari lisilokanyagwa kamwe.

Hili si jambo la Afrika na mafuta yetu peke yake. Mwaka 2018 Mazda waliyaita tena magari ya injini hii huko kwao Japani, Demio na CX-3 zikiwamo, kwa sababu mwendo wa polepole usio na mzigo ulikuwa ukikusanya masizi kwenye valvu za kutolea moshi mpaka nguvu ikapungua. Kwa hiyo hata Tokyo kuna wa Majengo na Kongowea yao. Gari lililouzwa nje kabla ya kurekebishwa huenda lilikuja na ugonjwa wake. Tovuti ya Mazda ya Japani hukuruhusu kuandika nambari ya chasi na kuona kama liliitwa na kama lilitengenezwa. Chasi ya Demio ya dizeli huanza na DJ5, ya CX-3 ya dizeli DK5. Ukiambiwa ni dizeli na chasi yaanza DJ3, umeonyeshwa ya petroli.

Kuna mafundi, Mombasa na hapa Nakuru, ambao dawa yao ni moja: kata DPF, toa yaliyomo, danganya kompyuta, gari lirudi mbio. Na hurudi mbio kweli, sibishi. Lakini moshi ule uliokuwa ukinaswa sasa watoka kwenye vichochoro ambavyo watoto wetu wacheza, na uji kwenye njia ya hewa haukuondoka. Tena kompyuta iliyodanganywa vibaya yaweza kuendelea kutia dizeli ya kuchoma chujio lisilokuwapo, oili ikazidi palepale. Mimi siifanyi kazi hiyo. Kwa gari ambalo DPF yake haijafa, kwanza naichomesha kwa mashine gari likiwa limesimama, nabadilisha oili mara moja baada yake, kisha namwambia mwenyewe alipeleke Naivasha na kurudi. Mengi hupona.

Upande wa mafuta tuna afadhali kuliko wengi wadhanivyo. Januari 2015 dizeli ya Afrika Mashariki ilianza kutakiwa isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni. Kabla ya hapo injini kama hii isingeishi hapa. Kiwanda chetu cha Changamwe kilikuwa kimeacha kusafisha mafuta tangu 2013, kwa hiyo dizeli yote yashuka Kilindini ikiwa tayari, yapita kwenye bomba hadi bohari ya Nakuru. Gari na kinywaji chake vyatoka bandari moja. Tatizo huingia njiani. Mafuta ya taa yakichanganywa na dizeli huikausha, na pampu ya injini hii hutegemea dizeli hiyohiyo kuilainisha huku ikiisukuma kwa kanieneo ya zaidi ya mara elfu moja ya hewa ya kawaida. Serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili uchanganyaji usiwe na faida, na umepunguza sana. Lakini ile dizeli ya mitungi inayouzwa kando ya barabara kuu, iliyonyonywa kwa malori, usiitie hata ukiwa na haraka gani. Ina maji, ina mchanga. Injekta nne ni hesabu ya kumtoa mtu machozi.

Mengine niyapitie. Vumbi la Bonde la Ufa ni jembamba. Pale Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa udongo mweupe ambao, cha kuchekesha, viwandani hutumiwa kutengenezea vichujio, lakini ukiingia kwenye filta ya hewa yako huiziba. Filta ikiziba, hewa hupungua, masizi huongezeka. Rejeta: maji huchemka Nakuru kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo kifuniko cha rejeta kibane sawasawa, na utie kulanti, si maji ya kisima, ambayo huku yana floraidi na madini tele. Mteremko wa Sachangwan na Salgaa, majina ambayo msikilizaji wa taarifa za habari ayajua kwa ubaya, usiteremke na gari limeachiwa huru. Dizeli ndogo kama hii haishiki sana gari mlimani hata ikiwa kwenye gia, basi peleka rungu la gia upande wa M, shuka mpaka gia ya tatu, breki zipumzike. Na ukifika juu baada ya kupanda kwa nguvu, acha injini iunguze kidogo, dakika moja yatosha, turbo ipoe ndipo uzime.

Turudi kwa yule wa yadi. Ikiwa wakaa Voi na kazi yako ni Mombasa mara tatu kwa wiki, au wauza samaki Malindi mpaka Kilifi kila siku, chukua ya dizeli na utanishukuru. Ikiwa gari ni la kupeleka watoto shule Nyali na kurudi, chukua ya petroli ya 1.3 au 1.5, hata kama dizeli imepungua bei, na hasa ikiwa imepungua bei. Ikiwa tayari unayo na wakaa mjini, mara moja kwa wiki lipeleke Mariakani na kurudi bila ya kusimama, mizunguko juu ya 2,000, na usizime ukisikia feni yalia.

Na siku ya kulitazama yadi, fika mapema kabla hawajaliwasha. Vuta kijiti cha oili mwenyewe. Oili ya dizeli huwa nyeusi, hilo lisikutishe. Tazama kimo chake na uinuse. Ikikaribia X au ikinuka kama kituo cha mafuta, hiyo imeishi safari fupi. Waombe wakuunganishie mashine, wakuonyeshe DPF ilichomwa lini mara ya mwisho na kilomita ngapi zilizopita kati ya kuchoma na kuchoma. Gari zima hukaa kilomita mia na zaidi. Ukiona thelathini, arobaini, lina jambo. Kisha liwashe likiwa baridi, litoe nje, lipandishe kilima cha Mazeras na mtu amekaa nyuma akitazama moshi. Muuzaji akikataa kwenda Mazeras, kuna yadi nyingine mbele yake.